Bakuli la Unga

Walihesabu mara ya kwanza usiku wa Jumanne,
theluji ikishuka kimya kama mtu aliyechelewa kanisani.
Stenerud, muuza mbegu, kazidi kwa kura kumi na tisa.
Redio ikamwita mheshimiwa. Mkewe akaoka keki.

Wakahesabu mara ya pili, kwa mkono,
ghorofa ya chini ya mahakama ya kaunti, Minnesota,
na mimi Ardis, karani, miaka ishirini na sita kazini,
miwani puani, kidole gumba kimevaa mpira.
Mawakili wawili walitoka mji mkuu wa jimbo
na viatu vya kung'aa; wote wawili
wakateleza kwenye ngazi ile ile.
Kisha wakabishana juu ya viduara:
hiki kimejazwa nusu, hiki kina doa la kahawa,
na hiki, tazameni, kimejazwa kisha kikakatwa,
na pembeni mwandiko wa kizee, unatetemeka:
*Samahani, nimekosea. Namtaka nesi.*
Jaji Oyen akaisoma karatasi mara tatu.
"Aliyeomba radhi," akasema, "anajua anachokitaka."
Ikahesabiwa.

Hiyo ndiyo iliyosawazisha.
Elfu tisa mia nne na kumi na mbili, Delmar Stenerud.
Elfu tisa mia nne na kumi na mbili, Corinne Bouvette.
Nilijumlisha tena kwa penseli, kama mtoto,
nikibeba moja, nikibeba moja.

Basi sheria ikasema: pigeni kura.
"Tumeshapiga," akanung'unika mtu nyuma.
La, kura ile nyingine, mama wa hii,
ya vijiti na kokoto, ile isiyouliza
kama shule itafungwa, kama wodi ya wazazi itabaki,
isiyo na sera wala bango uani.
Neno moja, tumbo moja, mapacha wawili,
na mmoja tu kati yao ana macho.

Kikatafutwa chombo.
Kofia ilikataliwa: ilikuwa na nembo ya mbegu.
Nikaenda garini, nikaleta bakuli langu la kukandia unga,
la buluu, lenye ufa mwembamba kama unywele,
lililokaa kiti cha nyuma tangu mazishi ya shangazi.
Vikaratasi viwili, vimekunjwa mara nne.
Jaji akatazama dari
kama mtu anayepapasa funguo mfukoni.

Bouvette.

Hakuna aliyepiga makofi. Nesi aliketi ghafla,
kama aliyeambiwa majibu ya mtu mwingine.
Delmar akampa mkono. "Ndivyo mbegu zilivyo," akasema,
akatoka nje, akakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake,
kisha, bila kuombwa, kwenye kioo cha Corinne.

Kidole kimoja hakivunji chawa, husema watu.
Hawajawahi kuhesabu nasi.

Nilirudi nyumbani jioni. Verlyn alikuwa jikoni na buti zake.
Jumanne ile alisema ataenda, ataenda tu,
akishafungua mnyororo wa trekta ya theluji.
Saa mbili usiku, milango ikifungwa,
alikuwa bado chalichali chini yake, tochi mdomoni.
Miaka thelathini na minne ya ndoa,
na sijui angempa nani.
Sikumuuliza.
Mji mzima unamtafuta mtu huyo,
kwa kinyozi, dukani, kwenye pampu ya mafuta:
nani yule aliyebaki nyumbani?
Wako maelfu. Lakini ni mmoja tu
ninayempakulia viazi.

"Nimesikia redioni," akasema.
Akalichukua bakuli mikononi mwangu,
akaliosha, ingawa halikuwa na uchafu,
akalifuta muda mrefu, ndani,
pale majina mawili yalipokuwa yamelala,
akalirudisha rafuni
limeinama.